Mwendo wa Mgema

Kitu cha kwanza alichokiona Otilia kilikuwa mguu ulioinuliwa juu bila sababu.

Kivuli kilikuwa kinatoka nyuma ya zahanati ya Ikungwe, saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu umeshuka mpaka magotini. Kilibeba betri mbili zilizoibwa humo, moja kila mkono. Njia yenyewe ilikuwa ya saruji, tambarare kama meza. Hata hivyo, kila baada ya hatua tatu nne, mguu wa kushoto ulipanda, ukakunjwa gotini, ukashushwa taratibu kana kwamba chini pale kulikuwa na kitu cha kuchoma.

"Rudisha," Otilia akasema kwa sauti ndogo.

Mashine ikarudisha.

Kivuli hakikuwa na uso. Katika chumba kile cha ofisi ya picha uso haukuruhusiwa kabisa. Zamani mashine zilikuwa zikipewa picha yenye ukungu zinajaza zenyewe pua, macho na mdomo, na uso uliojazwa ukatokea kufanana na mtu aliyekuwa amelala kwake na watoto wake. Wengi walifungwa kwa nyuso ambazo hakuna kamera iliyowahi kuziona. Ndipo ikaja sheria. Kamera za mji, mia nne na kitu, zikabaki kupima mwendo tu: urefu wa hatua, kukunjika kwa goti, bega linavyokwenda na kurudi. Mashine ilishona vipande vya kamera sita saba vikawa kivuli kimoja cha kijivu, kimo cha mtu mzima, kinachotembea katikati ya chumba hata ukaweza kukizunguka. Na hapo bado hakikuwa ushahidi, mpaka binadamu akitazame na kusema anachokiona. Binadamu huyo aliitwa mtambuzi.

Otilia Mhema alikuwa mtambuzi, na umri wake miaka ishirini na miwili. Hakupata kazi kwa cheti. Siku ya majaribio waombaji walikalishwa nyuma ya pazia lililoachia miguu tu, wakapitishiwa watu sitini wa sokoni. Otilia aliwataja hamsini na wanane. Wakubwa walistaajabu. Yeye hakustaajabu. Tangu utoto alikuwa na haya za kupita kiasi, hawezi kumtazama mtu machoni, kwa hiyo watu wa Ikungwe aliwajua kuanzia kiunoni kushuka chini. Karani alipomuuliza, "La saba umemaliza?" aliinamisha kichwa, karani akaona ameitikia, akaandika. Cheti atakileta baadaye. Hakuna aliyekumbuka kukidai.

"Huyu ni mgema," aliiambia mashine.

"Mtambuzi, fafanua."

"Mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi. Kwenye mianzi kuna visiki vilivyokatwa, vikali kama mikuki. Ukishinda mle miaka, mguu unajifunza kuinuka wenyewe. Hata ukitembea barabarani, wenyewe unadhani uko kwenye mianzi."

Alijua, kwa sababu babu yake alikuwa mgema, na yeye alimfuata mianzini kumbebea mbeta za kukingia ulanzi tangu alipoacha shule.

"Mwendo wa karibu zaidi katika kumbukumbu za mageti ya mji," mashine ikasema, "ni wa Obadia Sanga, mgema, Mtaa wa Mabatini. Kufanana, asilimia themanini na moja. Mtambuzi, anafanana?"

"Anafanana. Lakini wagema wote wana—"

Mlango ukafunguka. Akaingia mkuu wa ofisi, Bwana Kilasi, na nyuma yake wageni sita wa makao makuu wenye vitambulisho shingoni.

"Na huyu ndiye Otilia wetu," Kilasi alisema, mikono ameitandaza kama mwenye harusi. "Huyu binti, hata ukipita umevaa gunia atakwambia wewe mtoto wa nani! Endelea, mwanangu, usituone."

Ulimi wa Otilia ukaganda. Alitazama viatu vya wageni, jozi sita, vyote vinang'aa. Mashine ilisubiri sekunde kumi, kisha ikafunga mahojiano kwa yale iliyokuwa nayo, ikatoa ripoti ya kurasa mbili.

Ripoti za watambuzi zilitoka kwa karatasi, bila sauti. Kila kitu kingine mjini kilisomwa kwa sauti, kuanzia tangazo la maji mpaka chupa ya dawa, lakini si ripoti hizi. Mashine moja iliwahi kukamatwa imeandika hivi na kusoma vile. Tangu hapo ilitakiwa mtambuzi asome kwa macho yake, kimya, kisha abonyeze kidole gumba.

Otilia akaishika karatasi kwa mikono miwili. Alipeleka macho kushoto kwenda kulia kama alivyowaona wenzake wakifanya, akahesabu moyoni mpaka arobaini, akafunua ukurasa, akahesabu arobaini tena. Aliwahi kujaribu kuhesabu thelathini, mtu akamwambia anasoma upesi mno. Arobaini ilikuwa salama.

Akabonyeza. Wageni wakapiga makofi.

Hiyo ilikuwa ripoti yake ya thelathini na moja.

* * *

Miezi minne ikapita. Jumamosi moja Otilia alikuwa anatoka sokoni na fungu la figiri, akawaona.

Obadia Sanga alikuwa amesimama nje ya mstari mweupe wa geti la soko. Wanawake walipita, mikokoteni ikapita, mbwa akapita. Geti liliwapima wote na kuwafungukia. Obadia alipousogelea mstari kwa hatua mbili, vyuma vilijifunga taratibu mbele yake, bila kelele na bila hasira. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu siku hizi. Gereza lilikuwa ghali, mageti tayari yapo. Mtu alifungiwa miaka mitano, akaachwa huru nje ya kila mahali: soko, stendi, shule, hospitali. Angejaribu kutembea kwa namna nyingine, lakini mwendo si koti, huwezi kuuvua.

Mama yake Obadia alitoka getini na kapu, mwanawe akarudi nyuma kumpokea. Na alipotembea, mguu wake wa kushoto uliinuka.

Otilia akasimama pale pale, watu wakamgonga mabega.

Mguu ule uliinuka ukizunguka kwa nje kidogo, kama jembe linalotoka kwenye udongo, ukatua kwa kisigino. Mguu wa kivuli ulikuwa umepanda wima, ukatua kwa vidole. Mwendo wa kazi ulikuwa mmoja. Lakini chini ya mwendo wa kazi kuna mwendo wa mtu, ule aliouanza kwa mama yake akishika ukuta, na huo ulikuwa mwingine kabisa. Otilia aliona shati akaapia mwili. Wagema wenye mguu ule Ikungwe nzima wangefika ishirini, pengine thelathini, na siku ile alitaka kusema hivyo. Kilichomziba mdomo ni jozi sita za viatu.

Alitaka kugeuka, akachelewa. Mama yake Obadia alikuwa amekwisha mwona.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Si wewe Otilia, yule wa ofisi ya picha?"

"Ndiyo, mama."

"Usitetemeke. Sikuja kukutukana, matusi yangu yote namwekea mbuzi wangu anayemaliza majani ya maboga." Alitua kapu chini. "Nina swali moja tu. Ile karatasi uliyoweka kidole walitusomea mahakamani. Ilisema hivi, nimeishika kwa kichwa: 'Nathibitisha bila shaka yoyote kwamba mtembeaji ni Obadia Sanga na si mtu mwingine.' Ni maneno yako?"

Otilia alitazama viatu vya yule mama, vya plastiki, kimoja kimeshonwa kwa waya. Bila shaka yoyote. Tangu azaliwe hajawahi kusema neno kama hilo juu ya kitu chochote, hata juu ya jua kuchomoza.

"Alhamisi kuna mapitio ya kesi," mama aliendelea. "Mkewe anajifungua mwezi ujao, na geti la hospitali halimpitishi mwanangu. Hilo si kitu, mimi nilizaa sita, baba yao yuko kilabuni. Ninachotaka ni kujua tu. Kwa sababu yeye ananiambia hakuwa pale, na mimi mama, mtoto akiniambia kitu nataka kumwamini, lakini karatasi ya serikali nayo inasema. Ulimwona, mwanangu?"

"Nitaangalia tena, mama."

"Haya. Angalia."

* * *

"Haiwezekani," Bwana Kilasi alisema Jumatatu. Alikuwa mtu mwema kwa kawaida yake. Alimmiminia chai mwenyewe. "Kidole kikishabonyeza, jicho halirudi nyuma. Unajua kwa nini tuliweka hivyo? Kule mwanzo watambuzi walikuwa wanafuatwa majumbani na jamaa za washtakiwa. Leo mtambuzi anasema ni yeye, kesho akipelekewa mbuzi, anasema si yeye. Tukasema basi. Maoni mapya ya mtambuzi yuleyule hayapokelewi."

"Na kama alikosea, mkuu?"

"Amekosea. Binadamu hukosea. Njia ni moja tu, kidole chenyewe kiwe batili. Ulishikiwa panga?"

"Hapana."

"Ulikuwa umelewa?" Alicheka. "Wewe hata togwa unaiogopa. Imebaki kwamba hukuisoma ripoti. Na hilo nani atalisema? Nilikuona kwa macho yangu, kurasa mbili mbele ya wageni wangu, umetulia kama padri."

Otilia hakucheka. Aliinama juu ya kikombe, masikio yakamwaka moto.

Kicheko cha Kilasi kikapungua polepole. Kisha akainuka, akaufunga mlango, akakaa si kwenye kiti chake bali kwenye kile kilichokuwa kando yake.

"Otilia," alisema kwa sauti ya chini. "Sikuulizi kitu. Sikia vizuri, sikuulizi. Nakueleza tu sheria. Mtambuzi akisema moja hakuisoma, wakili atamuuliza na nyingine. Una ngapi?"

"Thelathini na tisa."

"Zikianguka, zinaanguka zote siku moja, na mageti yanafunguka siku hiyo hiyo. Namba kumi na tisa unaikumbuka?"

Aliikumbuka. Bosko Mligo, aliyekuwa akiwavizia wachuma chai kwenye ukungu na kuwapiga kwa nondo. Otilia alikijua kivuli chake kwa jinsi kilivyoburuza nyayo, na safari ile hakukosea. Baadaye walikuta nondo chini ya kitanda chake. Lakini nondo haikuwa na alama yoyote. Kilichomfungia mageti Bosko kilikuwa kidole cha Otilia.

"Sheria haijui kufungua mlango mmoja na kuacha mwingine," Kilasi alisema. "Alhamisi hakimu atakuuliza kama uliisoma. Wewe inamisha kichwa. Hata kusema huhitaji. Unaona nilivyokurahisishia?"

Na kweli alikuwa amemrahisishia. Maisha yake yote Otilia alikuwa ameishi kwa kuinamisha kichwa.

* * *

Jumatano mchana alikwenda kibandani kwa Sekela. Sekela alikuwa mmoja wa wachuma chai wale. Jicho lake la kulia lilibaki shambani siku Bosko alipompiga. Siku hizi alichuma asubuhi, mchana akakaanga viazi karibu na shule.

"Jicho langu hilo linakuja!" alipiga kelele kutoka mbali. Hakumwita jina lingine. "Mpisheni, nyie watoto, huyu ni jicho langu. Kaa, mdogo wangu. Mbona umekonda? Ofisini wanakulisha karatasi?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kula kwanza. Chumvi usiulize, leo nimeikosea, wateja wangu wananywa maji kama ng'ombe."

Otilia alichukua kiazi. Alikuja na maneno aliyoyapanga njia nzima, kama mtu anayebeba mayai. Sasa hakujua ayatue wapi.

"Bado unachuma asubuhi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili niko shambani, peke yangu. Mimi na ukungu tumepatana. Zamani hata nguo ikining'inia kwenye kamba nilikuwa najikojolea." Sekela alimenya kiazi kwa mzunguko mmoja bila kukata ganda. Jicho moja lilikuwa linamtosha. "Sasa nalala. Unajua kulala ni kitu kikubwa? Hakuna anayekwambia mpaka ukikose."

"Dada, kama mageti yangemfungukia yule?"

Kisu kikasimama.

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Usiniulizie mambo hayo hivi hivi." Sauti ilikuwa imeondokewa na mzaha wote. "Ningehama. Ningeacha kibanda, ningemwacha mama yangu kitandani, ningehama. Kuna jambo?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kulisema. Otilia aliliona likiwa mbele yake kama kivuko, akainua mguu, akaurudisha.

"Hakuna, dada. Nisamehe."

"Haya. Kesho nasikia wanakuita mahakamani. Nitakuja nikae nyuma. Mtu wangu akiitwa, na mimi nafika." Akamjazia viazi vingine kwenye karatasi, vya kwenda navyo, na Otilia akavipokea, akashukuru. Akajiona mchafu mpaka ndani ya mifupa. Njiani alivitoa vyote kwa watoto wa shule, hakubakiza hata kimoja.

* * *

Chumba cha mapitio kilikuwa kidogo, chenye madirisha ya mashariki. Geti lake lilizimwa kwa saa mbili ili Obadia aingie. Aliketi mbele na mkewe mjamzito, magoti pamoja, kama mgeni asiyejua kama kiti ni chake. Mama yake alikaa mwisho wa benchi. Kilasi alisimama kando ya ukuta. Sekela alikuja na aproni yake, akakaa nyuma kabisa.

Hakimu alikuwa mwanamke mzee mwenye mafua.

"Mtambuzi Otilia Mhema. Wakili, swali lako."

Wakili wa Obadia alikuwa kijana mwenye haraka, ambaye hakuwa na tumaini kubwa. Alimwekea karatasi mbele.

"Hii ndiyo ripoti uliyoweka kidole?"

Otilia aliiona alama ya kidole chake chini kulia. Hiyo aliijua. Akainamisha kichwa.

"Hakimu, ameitikia. Na uliisoma yote kabla ya kuweka kidole?"

Kichwa kilikwenda chenyewe. Hakukiamuru. Kilishuka kama kilivyoshuka kwa karani na kwa wageni wa makao makuu. Kilishuka hivyo hivyo darasa la nne, mwalimu alipomwambia asimame asome kwa sauti, akasimama na kitabu mpaka kengele ikalia, darasa zima likicheka, na kesho yake hakurudi.

"Ameitikia," wakili alisema, akaanza kukunja makaratasi yake.

Kilasi alishusha pumzi. Mahali fulani nyuma benchi lililia.

Mama yake Obadia alikuwa amesimama. Hakupiga kelele. Alijifunga khanga vizuri kiunoni, kama mtu aliyemaliza shughuli msibani.

"Basi, mheshimiwa," alisema. "Tumesikia. Mtoto wa watu ameulizwa mara mbili, ameitikia mara mbili. Mimi nilikuwa nasema mwanangu hawezi." Alimgeukia Obadia, na sauti ikamtoka kavu. "Kumbe ulinidanganya, baba. Mimi mama yako."

"Mama, sikukudanganya—"

"Nyamaza. Twende."

Mke wa Obadia akaushika mkono wa mumewe, kisha, polepole sana, akauachia.

Otilia aliuona ule mkono ukiachiwa. Mpaka dakika ile alidhani amemfungia mtu yule mageti tu.

"Hapana," alisema.

Hakuna aliyesikia. Hakimu alikuwa anapenga kamasi.

"Hapana! Mama, usiende."

Watu wakageuka. Hakimu akashusha leso.

"Binti, sema kwa sauti. Hapana nini?"

"Mwanao hakukudanganya, mama. Yule si yeye. Nilisema anafanana, nikataka kusema wagema wote wana mguu ule, nikaona haya, nikanyamaza. Hilo la bila shaka iliandika mashine."

"Mtambuzi," hakimu alisema taratibu, "maoni mapya sheria hainiruhusu kuyapokea. Nitapokea jambo moja tu, na umeshalijibu. Uliisoma ripoti?"

Wakili alikuwa ameacha kukunja makaratasi. Kilasi, ukutani, alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kama baba anayemwonya mtoto mbele ya wageni. Otilia alihisi joto likimpanda kutoka miguuni, likapita tumboni, likafika shingoni, na safari hii alilifungulia mdomo.

"Sikuisoma. Sijui kusoma. Niliacha shule darasa la nne, na hata hayo manne nilikuwa nakaa tu."

Wakili akauliza swali ambalo alilazimika kuliuliza.

"Hii peke yake?"

Otilia hakumtazama wakili wala Kilasi. Aligeuka mpaka nyuma ya chumba, alipokaa mwanamke mwenye aproni, ambaye alikuwa bado anatabasamu kwa sababu hajaelewa.

"Zote," alisema. "Na ya kwako, dada Sekela. Na ya kwako sikuisoma."